Chuma ni Chuma? Uhakiki wa Istilahi za Bloku ya Injini

Maelezo ya ufundi wa magari yanayofasiriwa kwa Kiswahili yamezidi kuongezeka, na sehemu kubwa yake ina asili ya Marekani, ambako kung'oa injini ya gari dogo la mizigo na kutia nyingine ya aina tofauti ni kazi ya kawaida. Swali linalorudiwa mno katika maelezo hayo ni hili: mwenye gari achague injini yenye bloku ya alumini au yenye bloku ya chuma? Swali ni jema. Lakini majibu yake yakifika katika Kiswahili aghalabu huwa yamepungukiwa na maana, na upungufu huo hautokani na ufundi bali na istilahi.

Tuanze na kitu chenyewe. Ile sehemu kuu ya injini iliyotobolewa silinda, ambayo pia hubeba krankishafti na njia za mafuta na maji, fasiri nyingi huiita "kizuizi cha injini". Kizuizi ni kitu kinachozuia. Polisi huweka kizuizi barabarani. Injini haina kizuizi ila imeharibika. Hapa mfasiri ametazama neno la Kiingereza katika kamusi wala hakukitazama kitu. Neno "kitalu" nalo halifai, kwa kuwa kitalu ni cha miche au cha viwanja. Kuna neno la Kiswahili linalovutia sana, nalo ni "kiwiliwili": mwili usiohesabiwa kichwa wala viungo. Kwa kuwa sehemu inayofungwa juu ya silinda tayari huitwa kichwa, picha inakamilika yenyewe. Hata hivyo mafundi wa gereji wamekwisha kuamua. Wao husema "bloku", na neno limekaa vizuri katika ulimi. Rai yetu ni kwamba bloku ibaki, na kiwiliwili kitumike katika kueleza. Istilahi inayoshindana bure na gereji hubaki katika karatasi.

Kosa la "kizuizi" huchekesha tu. Kosa la "chuma" ni la hasara. Kiswahili cha kila siku hutumia neno hilo moja kwa msumari, reli, nondo na bloku ya injini. Bloku tunayoizungumzia ni ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, nacho kina kaboni ya kiasi cha asilimia 2 hadi 4. Feleji, ambayo wengine huiita chuma cha pua, ina kaboni chini ya asilimia 2, na nondo au bamba la kawaida lina kaboni kidogo zaidi. Tofauti hiyo ya tarakimu ndogo ndiyo inayoamua ikiwa bloku iliyopasuka itapona. Feleji laini huchomelewa kwa vijiti vya kawaida bila taabu. Chuma cha kusubu kikichomelewa hivyo, kikiwa baridi, hupasuka tena pembeni mwa kiungo, pengine kabla fundi hajaweka chombo chini. Hutaka kupashwa moto kwanza, vijiti vyenye nikeli, na kuachwa kipoe polepole. Mfasiri aandikapo "ufa katika bloku ya chuma huweza kuchomelewa" na kunyamaza hapo, amemwongoza fundi kuiua injini ya mtu. Kitenzi "kusubu" tunacho tangu zamani. Sababu ya kutokitumia hatuioni.

Sasa tuupime uchaguzi wenyewe kwa mfano unaojulikana. Kampuni ya General Motors ilitoa injini ya lita 5.3 kwa magari yake ya mizigo kuanzia modeli ya mwaka 1999, iitwayo LM7, yenye bloku ya chuma cha kusubu. Baadaye, katika miaka ya 2005 hadi 2007, ilitoa pia L33, ya lita hizo hizo 5.3, ambayo bloku yake ni ya alumini. Vichwa vya injini zote mbili ni vya alumini. Tofauti ya uzito ni kama kilo 40 hivi, nazo zote huangukia ekseli ya mbele. Msomaji akiambiwa tu kwamba "injini ya alumini ni nyepesi na injini ya chuma ni imara", amepewa nusu ya habari, maana hakuambiwa kwamba hata ndani ya bloku ya alumini pistoni hupanda na kushuka katika chuma. Kila silinda ya L33 imevikwa ndani mrija mwembamba wa chuma cha kusubu. Kampuni hiyo iliwahi kujaribu njia nyingine katika Chevrolet Vega ya mwaka 1971: silinda za alumini iliyochanganywa na silikoni, bila mrija wowote. Injini hiyo ilijipatia sifa mbaya ya kupata joto na kula oili.

Mrija huo gereji huuita "slivu". Hatuna ugomvi na neno hilo, ila twapendekeza "ala", kama ala ya kisu, kwa sababu linaeleza kazi na mahali pake kwa mara moja. Likizoeleka, sentensi ngumu huwa nyepesi: silinda ya LM7 yenye kipenyo cha milimita 96 huweza kuchongwa hadi 99, ilhali ya L33 haikubali ila kusuguliwa kidogo sana, kwani ala yake ni nyembamba. Hapo ndipo mnunuzi wa injini kuukuu anapotakiwa kutia akili. Bloku ya chuma iliyolika ina maisha ya pili. Ya alumini iliyolika pengine ni ya kuyeyushwa.

Kuhusu kazi yenyewe, "kubadilisha injini" hakutoshi. Atiaye injini mpya ya aina ile ile amebadilisha. Atiaye ya aina nyingine, akahamisha vikalio, nyaya na mabomba, amefanya jambo jingine. Hospitalini husemwa "kupandikiza figo". Injini nayo na ipandikizwe.

Limebaki neno "kuchemsha". Dereva wa kwetu husema gari linachemsha, na wafasiri wamelipokea neno bila kulihoji. Maji yaliyofungwa kwa shinikizo ndani ya rejeta hayachemki kwa nyuzi 100, na rejeta iliyokauka haina cha kuchemka kabisa, ilhali bloku inazidi kuungua. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, na hupoteza nguvu yake mapema zaidi joto linapopanda, hivyo mwenye bloku ya alumini hana muda wa kungoja mvuke. Onyo lililoandikwa "usiendeshe gari likichemsha" litamwacha dereva wa rejeta kavu akiendelea na safari, akiamini kwamba hajavunja agizo. Liandikwe "joto likipita kiasi", na mahali pa kusoma joto hilo patajwe.