Mwelekeo Uliopotea: Uhakiki wa Istilahi za Skala na Vekta katika Kiswahili

Mjadala kuhusu Kiswahili kama lugha ya kufundishia sayansi umezoea kuuliza iwapo istilahi zipo. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Istilahi inaweza kusanifiwa na kuchapishwa, na bado ikampotosha mwanafunzi. Uhakiki huu unalichunguza suala hilo kupitia dhana za skala na vekta. Unadai kwamba tatizo haliko katika maneno hayo mawili ya mkopo, bali katika fasili yake na katika istilahi zinazoainishwa chini yake.

Fasili iliyozoeleka husema kuwa skala ni kiasi chenye ukubwa pekee, na vekta ni kiasi chenye ukubwa na mwelekeo. Fasili hiyo huitosheleza mifano ya halijoto na kani, lakini hukwama kwenye mkondo wa umeme. Mkondo una upande unakoelekea ndani ya waya, ilhali ni skala. Mikondo ya ampea 3 na ampea 4 ikiingia katika kiungo kimoja, hutoka ampea 7, pembe baina ya nyaya iwayo yote. Kinyume chake, kani za nyutoni 3 na nyutoni 4 zinazouvuta mtumbwi mmoja kwa pembe ya nyuzi 90 huzaa nyutoni 5. Kwa hiyo, mwelekeo peke yake haukifanyi kiasi kuwa vekta; sharti kiasi hicho pia kijumlishwe kwa kuzingatia mwelekeo huo. Fasili isiyotaja kanuni ya kujumlisha imeacha nusu ya dhana.

Kasoro ya pili ni ya kimaana. Neno "mwendokasi" limeundwa kwa mwendo na kasi, na hakuna kijenzi kati ya hivyo kinachotaja upande. Matumizi ya umma yameikazia maana hiyo: jijini Dar es Salaam, mwendokasi ni basi liendalo haraka. Neno hilo likipewa jukumu la kutaja kasi yenye mwelekeo, mwanafunzi ataisikia kasi tu. "Kasimwelekeo", ingawa ni refu, hubainisha tofauti hiyo bila maelezo ya ziada.

"Mchapuko" una ugumu zaidi, kwa kuwa umetokana na kitenzi kuchapuka, yaani kuongeza haraka. Gari linalozunguka mzunguko wa barabara kwa kilomita 40 kwa saa bila kubadilika halichapuki hata kidogo katika Kiswahili cha kawaida. Katika fizikia, hata hivyo, lina mchapuko unaoelekea kitovu cha duara, kwa sababu mwelekeo wake hubadilika kila nukta. Hapa lugha ya nyumbani na somo la darasani hupingana, na mwalimu asiyetahadharishwa hataujua mgongano huo hadi mwanafunzi akosee.

Haifai kuhitimisha kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba mwelekeo. Wanamaji wa pwani hawautaji upepo wa msimu kwa nguvu yake, bali kwa upande: kaskazi na kusi. Mfano huo ungefaa kufungulia somo la vekta, mradi mwalimu aeleze kwamba jina hutaja upepo utokako, ilhali mshale wa vekta huonyesha uendako.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, vidahizo vya kamusi za sayansi vionyeshe iwapo kiasi ni skala au vekta, na fasili ya vekta itaje namna ya kujumlisha. Pili, kabla ya kusanifiwa, istilahi zijaribiwe ndani ya maswali ya fizikia yanayotatuliwa na wanafunzi, si katika orodha ya maneno pekee. Bila jaribio hilo, watunga sera watahesabu istilahi zilizopo na kuridhika, huku mwanafunzi akiendelea kujumlisha 3 na 4 na kupata 7 pale jibu lilipo 5.