Wahusika na Mashahidi: Juu ya Kujadili Riwaya katika Maktaba ya Shule

Zipo shule, Kenya na Tanzania, ambazo wanafunzi na walimu wao hukutana katika maktaba baada ya masomo, wakazungumza juu ya riwaya waliyoisoma. Desturi hii ni njema, wala hatuandiki kurasa hizi ili kuipinga. Lakini jambo jema laweza kufanywa vibaya, na aliyepata kusikiliza mazungumzo ya namna hiyo ajua ya kuwa mara nyingi watu huondoka na maoni yale yale waliyokuja nayo, kana kwamba hapakusomwa kitabu. Twataka kuuliza kwa nini huwa hivyo, na kama lugha yetu na mila zetu hazina la kutufundisha juu ya jambo hili.

Tuanze na maneno yenyewe. Neno maoni latokana na kuona. Basi mwenye maoni ni mtu aliyeona; na asiyeona, ana nini cha kusema ila uvumi? Neno kuhakiki lina asili ya Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na haki na hakika. Maana yake ya kwanza ni kulichungua jambo mpaka ukweli wake uthibitike. Kwa hiyo mhakiki si msifuji wala si mlaumu, ingawa aweza kusifu au kulaumu amalizapo kazi yake. Tena tazama jinsi tunavyowaita watu waliomo katika hadithi. Twawaita wahusika, yaani wale ambao jambo lawahusu, neno ambalo mzee wa baraza angalitumia penye ugomvi wa shamba au wa ndoa: Ni nani wahusika? Waitwe. Na kusudi la mwandishi twaliita dhamira, neno lenye maana ya nia iliyofichika moyoni, ambayo mwamuzi huitafuta kwa shida.

Kwa maneno haya twaona ya kuwa Kiswahili kimekwisha kuipa riwaya sura ya shauri lililoletwa barazani. Lakini shuleni mara nyingi riwaya hutendewa kana kwamba ni kitendawili. Katika kitendawili mtegaji analo jibu, nalo ni moja. Wengine hubahatisha, na wakishindwa humpa mji, ndipo awaambie. Mchezo huu ni mzuri sana, nao umenoa akili za watoto wetu tangu zamani. Lakini mwalimu akiishika riwaya kama kitendawili, huuliza, "Mwandishi atufundisha nini?" hali jibu analo mfukoni; na wanafunzi, wakijua hivyo, hawaitazami tena riwaya, bali wamtazama mwalimu usoni. Wengine hununua miongozo iliyochapishwa kwa ajili ya mitihani, wakakariri dhamira, wahusika na mafunzo kwa hesabu, moja mpaka sita. Hao wamenunua hukumu bila ya kusikia shauri.

Wako na wanafunzi wenye kosa la kinyume chake. Mmoja husema, "Mimi naona hivyo tu," na akiulizwa sababu, hukasirika, maana adhani maoni ni kama ladha ya chakula, kila mtu na ulimi wake. Walakini tumekwisha kusema ya kuwa maoni ni mambo yaliyoonwa. Mtu aliyeona jambo aweza kusema alilionea wapi. Katika riwaya, mahali pa kuonea ni ukurasa. Naye asiyeweza kuufungua ukurasa akaonyesha, yamkini aliona jambo jingine.

Hebu tuchukue vitabu vyenyewe. Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951, ni kisa cha Shaaban Robert ambacho chote ni shauri mbele ya mfalme. Karama ashitakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria katika nchi ile iliyo angani. Majivuno ni mwenye maneno makali na sauti kuu, na Karama anyamaza mpaka mashitaka yaishe. Ndipo asimulie habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali ili walete mambo ya manufaa kwa nchi yao, nao waliporudi wakalipwa kifungo badala ya shukrani. Hajitetei kwa kusema kwamba yeye ni mwema. Aleta mambo yaliyotendeka, moja baada ya moja, na mwisho wake yeye na wale waliofungwa waachwa huru. Mwanafunzi akiuliza, "Je, Kusadikika ni Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza?" swali lake ni la haki, kwa kuwa kitabu kilitoka miaka 10 kabla ya uhuru wa mwaka 1961, na wahakiki wengi wamekisoma hivyo. Mwenzake akijibu, "La, ni nchi yo yote ambayo wakubwa wake huchukia kuelezwa kosa lao," naye ana neno. Wote wawili na wapewe nafasi; lakini kila mmoja aonyeshe ni maneno gani ya kitabu yanayomtegemeza. Karama mwenyewe alifanya hivyo.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, nao ndio hasa huwasha moto katika maktaba. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotolewa mwaka 1971, ina habari za binti wa Ukerewe, ambaye baba yake Zakaria ni mlevi nyumbani lakini mkali mno kwa binti zake. Rosa apigwa vibaya kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Aenda shule ya bweni, na kwa muda awaogopa wanaume. Kisha, akiwa mbali na fimbo ya baba, aanguka katika maisha mabaya, na mwisho wake ajiua kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya mauti shauri la baba na binti lafikishwa mbele ya Mungu.

Swali huwa lile lile: Ni nani aliyemponza Rosa? Wavulana wengi hujibu upesi kwamba ni Rosa mwenyewe, maana alikuwa na akili na elimu. Wasichana wengi hujibu upesi vile vile kwamba ni Zakaria. Walimu hupenda kujibu kwamba ni malezi, neno lisilomkasirisha mtu. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na hapa kila mmoja avuta upande wa nyumba yake, wala si upande wa kitabu. Lakini mwandishi hakumaliza kazi yake kwa mauti ya Rosa. Amewapeleka baba na binti mbele ya hakimu asiyeweza kudanganywa. Kwa nini amefanya hivyo? Kwa maoni yetu ni kwa sababu alijua ya kuwa baraza la hapa duniani, yaani jirani, shule na sisi wasomaji, limekwisha kumhukumu Rosa kwa haraka, na shauri lilihitaji kusikiwa tena. Msomaji anayetoa hukumu bila ya kuipima sura ile ya mwisho ameondoka barazani kabla ya shahidi mkubwa hajasema.

Hapa ndipo twauona ubora wa maktaba kupita darasa. Darasani kipo kitabu kimoja, kile cha mtihani. Katika maktaba, shahidi wa pili yuko rafuni. Anayeshikilia kwamba binti aliyefungiwa na baba yake hana budi kuangamia, na apewe Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotolewa mwaka 1980. Humo Maksuudi, mtu wa mali na cheo, awafungia ndani mke wake na binti yake Maimuna. Maimuna atoroka, naye asiye na uzoefu wo wote wa dunia atumbukia katika ulevi na uasherati. Mpaka hapo waweza kudhani ni Rosa mwingine. Lakini Maimuna ainuka tena, na Rosa hakuinuka. Basi ile kanuni ya mwanafunzi wetu haisimami kama alivyoisema. Hana budi kuitazama tena na kuuliza ni kitu gani alichokipata Maimuna ambacho Rosa alikikosa. Je, ni watu wa kumpokea? Je, ni hasira yake mwenyewe? Je, ni kwamba Rosa aliihukumu nafsi yake kwa sheria ile ile ya waliomlaumu? Maswali haya hayapatikani katika miongozo, kwani mwongozo huandikwa kwa kitabu kimoja. Hupatikana kwa mtu aliyesoma viwili.

Isidhaniwe kwamba twamnyang'anya mwalimu kazi yake. Liko jambo ambalo mwanafunzi hawezi kuliona peke yake. Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotolewa mwaka 1934, ambayo wengi huihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kiswahili, yasimulia mateso ya biashara ya utumwa na jinsi watumwa waliookolewa walivyokaa Freretown, karibu na Mombasa. Kitabu chawasifu Waingereza sana, na kijana wa leo akikisoma huchukizwa, akasema mwandishi alikuwa kibaraka. Mwalimu na amweleze ya kuwa Mbotela alikuwa mtoto wa jamaa hiyo ya waliookolewa, na kwamba kwao meli ya Waingereza ilikuwa tofauti ya mnyororo na kutofungwa. Halafu asikomee hapo, maana kumfahamu shahidi si kukubali ushahidi wake wote. Kijana aweza kuuliza bado ni mambo gani ambayo kitabu kimeyanyamazia. Swali hilo ni zuri kuliko tukano la kwanza, naye hakuweza kulifikia bila ya maarifa ya mwalimu.

Twajua pia kwamba wako walimu wanaoogopa mazungumzo ya namna hii, na hofu yao si ya bure. Rosa Mistika ilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania, kwa kuwa ilidhaniwa itawaharibu vijana. Baadaye ikaruhusiwa, ikafundishwa. Walioizuia walikuwa na nia ya kuwalinda watoto, kama Zakaria alivyodhani awalinda binti zake kwa fimbo. Lakini kitabu chenyewe ndicho kinachoonyesha mwisho wa ulinzi wa namna hiyo. Msichana aliyesoma habari za Rosa pamoja na mwalimu mwenye busara, akauliza alilotaka kuuliza, amepata silaha. Na yule aliyeisoma kwa siri chini ya blanketi, bila ya mtu wa kuongea naye, amepata picha tu. Kwa hiyo mazungumzo ya maktaba si pambo la shule. Pengine ndiyo mahali pa pekee ambapo kijana aweza kuyataja mambo ya ulevi, kipigo, mimba na aibu bila ya kutaja jina la mtu wa nyumbani kwao. Akisema Zakaria, kila mtu afahamu. Wala hakuna aliyeaibishwa.

Kwa sababu hiyo, neno baya kabisa ambalo mwalimu aweza kulitamka katika maktaba ni hili: "Jibu lako si sahihi," kisha akapita. Mtoto aliyemtetea Rosa huenda anamtetea dada yake. Afadhali aambiwe, "Tuonyeshe mahali," kwa maana maneno hayo yamheshimu yeye na kitabu pia.

Tukirudi kwenye desturi zetu, twaona ya kuwa baraza njema lina taratibu chache ambazo shule yo yote yaweza kuzifuata bila ya gharama. Kwanza, asiyesikia shauri mpaka mwisho haamui. Yaani asiyemaliza kitabu na asikilize, asihukumu. Pili, asemaye na ataje mahali alipoona. Tatu, anayempinga mwenzake na ayarudie kwanza maneno ya mwenzake, mpaka mwenyewe akiri, "Naam, hivyo ndivyo nilivyosema." Nne, mkubwa huchelewa kusema. Katika mabaraza mengi ya wazee wetu mwenye cheo hungoja mpaka wadogo wamekwisha, kwa sababu akitangulia yeye, hapana atakayethubutu kumfuata kwa neno lililo kinyume. Walimu wetu wengi husema kwanza, kisha hushangaa kwamba wanafunzi hawana la kuongeza.

Tano, baraza si lazima limalizike kwa hukumu moja. Yako mashauri ambayo wazee huyalaza, wakasema, tutaonana tena. Mwalimu asiogope kuwaacha wanafunzi wake wakiondoka bila ya kupatana juu ya Zakaria na Rosa. Na kama kesho yake mmoja wao ameonekana amesimama mbele ya rafu, akitafuta ukurasa ili amrudie mwenzake kwa hoja, kazi ya maktaba imetendeka, na mwalimu huyo na amwachie kitabu aende nacho nyumbani.