Heko kwa Mafundi wa Taimingi

Volvo PV544 ndiyo iliyowapa Joginder Singh na nduguye Jaswant ushindi wa Safari Rally mwaka 1965. Injini yake ya B18 haina cheni ya taimingi: gia ya chuma ya krankishafti huzungusha gia kubwa ya kamshafti, yenye meno ya faiba ili isipige kelele. Faiba huzeeka, meno yakinyofoka, gari huzima ghafla, popote lilipo. Heko basi kwa fundi anayeing'oa gia hiyo kwa kifaa chake, si kwa nyundo, kisha akalinganisha alama kwa alama. Jino moja likipishana, valvu hufunguka wakati si wake. Wengine hufunga gia ya chuma. Hiyo hulia kidogo, lakini binafsi mlio wake naupenda.