Tungule Ukutani

Mtoto wa kike wa miaka sita anatembea kuelekea upande wa kushoto wa picha. Gauni lake ni jeupe, soksi nyeupe, viatu vyeupe, na nywele zimefungwa utepe mweupe. Mkononi ana rula na daftari. Mbele yake wanakwenda wanaume wawili na nyuma yake wawili, wote wamevaa suti na kujifunga kitambaa cha manjano mkononi, na wote wamekatwa na ukingo wa picha mabegani, hata hakuna hata mmoja mwenye uso. Nyuma yao ni ukuta. Ukutani limeandikwa tusi wanalotukanwa nalo watu weusi wa Marekani, na karibu yake pana tungule iliyotupwa ikapasuka, maji yake yakichuruzika hadi chini.

Picha hii, ambayo jina lake lina maana ya “Tatizo Tunaloishi Nalo Sote”, ni kazi ya Norman Rockwell, na ilitoka katika jarida la Look tarehe 14 Januari 1964. Kabla ya hapo Rockwell alikuwa amelichorea majalada jarida la Saturday Evening Post kwa miaka 47, aghalabu mambo ya kupendeza yasiyomkera mtu, na akaachana nalo mwaka 1963. Mtoto aliyemkusudia ni Ruby Bridges. Tarehe 14 Novemba 1960, miaka sita baada ya Mahakama ya Juu kuharamisha utengano wa rangi katika skuli za umma, Ruby alisindikizwa na maafisa wa serikali kuu kuingia skuli ya William Frantz mjini New Orleans, akiwa mtoto mweusi wa kwanza kusoma hapo. Wazazi weupe waliwaondoa watoto wao. Mwaka ule mzima mwalimu Barbara Henry alimsomesha Ruby peke yake darasani.

Kwa kuwa aliyechorwa ni mdogo, picha hii imekuwa ikionyeshwa kwa wadogo wenziwe ili wajifunze kumwonea mwenzao imani. Suala linalokuja upesi mdomoni mwa mwalimu ni: “Unadhani anajisikiaje?” Watoto hujibu kuwa anaogopa, au ana huzuni, mwalimu huridhika, na somo huwa limekwisha.

Hapo ndipo penye ila. Utazamwe uso wa mtoto yule: haulii, haukukunjamana, unatazama mbele moja kwa moja, na hatua yake ni ya mtu aliyechelewa darasani. Jibu la “anaogopa” halikutoka katika picha, bali katika ada ya kumjibu mwalimu anachokitaka. Tena si kweli. Bridges mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, amesimulia mara nyingi kwamba alipouona umati ule na kusikia makelele yake alidhani ni Mardi Gras, sherehe kubwa ya mji wao. Alikuja kufahamu baadaye, pale mtoto mmoja wa kiume alipomwambia kuwa mama yake amemkataza kucheza naye kwa sababu ya rangi yake. Wahenga wa Kiswahili hawakuwa na haraka katika jambo hili: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Anayedai kuyajua maumivu ya mwenzake kabla hajamsikiliza, amejihurumia mwenyewe.

Philip Yenawine, aliyewahi kusimamia elimu katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na mwanasaikolojia Abigail Housen waliunda njia iliyo bora kuliko hiyo. Mwalimu huuliza masuala matatu tu: kuna nini katika picha hii, umeona nini kilichokufanya useme hivyo, na nini zaidi tunaweza kukiona. Hasifu wala hasahihishi. Huonyesha kwa kidole na kuyarudia maneno ya mtoto kwa namna nyengine. Suala la pili ndilo lenye uzito wote, nalo si geni kwa wapenda mashairi, kwani mfumbuaji wa fumbo hakubaliwi mpaka aonyeshe ni neno gani katika ubeti lililompa maana hiyo. Upungufu wa njia hii ni ubahili wake wa habari. Kwa picha ya Rockwell, kutazama peke yake hakutamfikisha mtoto kwenye Mardi Gras. Lazima aambiwe, na aambiwe baada ya kukisia, ili aone umbali uliopo baina ya makisio yake na mtu aliyekisiwa.

Liko pia suala la nne ambalo picha hii inalidai: aliyeitupa tungule alisimama wapi? Watoto ni mabingwa wa kutupa vitu, na hawakawii kupata jibu. Ilitoka upande huu, wa mtazamaji. Rockwell hakuuchora umati. Aliiacha nafasi yake tupu, na kila anayeitazama picha anajikuta amesimama humo. Weupe wa gauni pengine umezidi kidogo, lakini hila hii ya mahali pa kusimama ni ya msanii mkubwa.

Hilo ndilo linalowatisha baadhi ya wakubwa. Mwaka 2023, katika jimbo la Florida, mzazi mmoja aliitaka skuli isiwaonyeshe watoto filamu ya mwaka 1998 inayomhusu Bridges. Hofu ya namna hiyo haifai kudharauliwa: mtoto aliyeanza juzi tu kusoma atalisoma tusi lile kwa sauti mbele ya wenzake, na mwalimu asiyejiandaa ataumbuka. Lakini mwalimu atakayeikata picha ili kuuficha ukuta ataiondoa na tungule pia. Atabakiwa na mtoto nadhifu aliyevaa nguo nyeupe, akisindikizwa na wanaume wanne, na darasa litakuwa na haki ya kuuliza harusi ni ya nani.