Nchi ya madini, feza ya karatasi

Wenzangu, mara mingi tukizungumza historia ya feza yetu tunahesabu majina tu: franka, zaïre, kisha franka tena. Mimi naona hesabu hiyo inaficha swali moja: sarafu zilienda wapi?

Franka ilianza 1887, wakati wa Leopold II, na sarafu zake ndogo za shaba zilikuwa na tundu katikati. Mwaka 1943, katika vita ya dunia, Kongo ya Wabelgiji ilipata sarafu ya franka 2 yenye pembe sita, na tembo juu yake. Katanga ilipojitenga, sarafu zake za 1961 ziliwekwa msalaba wa shaba, ule uliotumika kama feza kule kusini kabla ya wakoloni. Siasa yake ni jambo lingine, lakini kwa mchoro naipa hiyo nafasi ya kwanza: inakumbusha kwamba watu wetu walijua kufanya feza ya chuma mbele ya mzungu kufika.

Mwaka 1967 Mobutu akaleta zaïre: zaïre 1 ilikuwa makuta 100, na ilinunua dola 2. Sarafu ya sengi 10 ilikuwa na chui, ile ya makuta 5 sura yake mwenyewe. Chui anapendeza. Sura ya mkubwa inachosha, na miaka ya 1987 na 1988 ikarudi tena kwenye sarafu za zaïre 1, 5 na 10, wakati thamani inaisha. Mwaka 1993 zaïre mpya 1 ikachukua nafasi ya zile za zamani milioni 3. Mwaka 1998 franka 1 ikachukua nafasi ya zaïre mpya 100,000. Piga hesabu: franka moja ilimeza zaïre za kwanza bilioni 300!

Lawama yangu inaanzia hapo. Franka ya 1998 ilikuja bila sarafu. Hata santimu 1 ilikuwa karatasi. Sarafu zenye jina la nchi yetu zipo, kama ile ya franka 1 ya 2004 yenye Papa Yohane Paulo wa Pili, lakini zilitengenezewa wakusanyaji, si soko. Na sisi Rubaya tunachimba koltani, ambamo mnatoka tantali. Kazakhstan imeshatengeneza, tangu 2006, sarafu za ukumbusho zenye tantali katikati. Sisi hatuna hata ya bati.

Mtu atasema sarafu inakufa bei zikipanda. Kweli, njo ilivyokufa makuta, tukabaki na neno tu. Lakini noti ndogo nayo inakufa, tena upesi. Noti ya 500 imechorwa wachimbaji wa almasi. Ikiingia mfukoni mwa mchimbaji wetu, na matope na mvua ya huku, haikawii. Mabenki ya Goma yalipofungwa mwisho wa Januari 2025, noti mpya zikakosa njia, zile zile zikaendelea kuzunguka mpaka zikapasuka. Muuzaji anaikataa yako, ao anakurudishia bonbon mahali pa franka 50. Ni hasara ndogo, lakini ya kila siku, na anayeilipa ni yule anayenunua kidogo kidogo: chumvi ya leo, mafuta ya leo.

Sisemi sarafu itaponya uchumi. Nasema inawezekana: Rwanda, iliyotumia sarafu moja na sisi wakati wa Wabelgiji, bado iko na sarafu mpaka franka 100.

Basi nyinyi mliosoma uchumi, nawaachia kazi. Kaeni na mama mmoja wa soko mwezi mzima, muandike kila franka iliyopotea kwa kukosa ya kurudisha. Hesabu hiyo ikiwa mkononi, tutakuwa na kitu cha kupelekea Banki Kuu.