Kabla ya Kuilaumu Turbo: Jinsi Hewa Iliyotoroka Ilivyosakwa Kwenye WRX

Gari la mbio likipungukiwa nguvu, wa kwanza kushtakiwa ni turbo, na mara nyingi hukumu hutolewa kabla boneti haijafunguliwa sawasawa. Mashtaka hayo hayana haki. Turbo inaweza kuwa inafanya kazi zaidi kuliko ilivyoagizwa, ila hewa inayosukuma haifiki kwenye silinda.

Gari ninalolichambua hapa ni Subaru Impreza WRX ya bodi ya GD, injini ya EJ20, mtumba wa Japani unaokimbizwa Nairobi. Malalamiko yalikuwa haya: mshale wa geji ya busti ulikomea chini ya pale ulipozoea, ekzosi ilitoa moshi mweusi kila gari lilipokanyagwa, na petroli ilikwisha upesi. Lakini injini ikiachwa ingurume taratibu ilitulia tuli, bila kupandisha wala kushusha mzunguko. Fundi aliuchukulia utulivu huo kama ushahidi, na hapo ndipo kazi hii ilipopata mwelekeo.

Njia ya hewa kwenye gari hili huanzia kwenye kichujio, ikapita sensa inayopima uzito wa hewa, ikaingia bomba la mpira linalopenya chini ya manifoldi hadi mdomo wa turbo. Ikitoka turbo inapanda kwenye intakula, kipoza hewa kilicholala juu ya injini, inashuka kupitia mpira mfupi hadi throto, kisha manifoldi. Mpaka wa mambo ni throto. Injini ikiwa haijakanyagwa, nyuma ya throto kuna ombwe, kwa hiyo tundu la upande huo huvuta hewa ya nje ambayo sensa haikuihesabu. Kati ya turbo na throto hali ni tofauti. Tundu la hapo huwa kimya hadi turbo ianze kusukuma, ndipo litoe nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa.

Hesabu kidogo itasaidia. Tundu la milimita 3 nyuma ya throto, injini ikinguruma taratibu, huingiza takriban gramu 1 ya hewa kwa sekunde, na injini hii wakati huo huhitaji gramu 3 au 4 tu. Lazima itetemeke. Tundu lile lile kabla ya throto, kwa busti ya bar 1, hupoteza kama gramu 2 kwa sekunde, wakati injini inameza zaidi ya gramu 150. Dereva hataling'amua. Kwa hiyo gari linalonguruma vizuri lakini limepoteza busti waziwazi halina kitundu cha pini. Lina mwanya mkubwa, kati ya turbo na throto, na mwanya huo hufunguka pale tu shinikizo linapopanda.

Moshi mweusi ulisema hivyo hivyo. Kompyuta ya injini humwaga petroli kulingana na hewa iliyopimwa na sensa. Sehemu moja ya kumi ikitoroka njiani, petroli yake haitoroki nayo, na gari likiwa limekanyagwa hadi mwisho kompyuta haisikilizi tena sensa ya oksijeni ili ijisahihishe. Magari yanayokadiria hewa kwa shinikizo la manifoldi hayatoi moshi wa namna hii. Hayo huficha ugonjwa, turbo ikachoka kimyakimya.

Na Nairobi turbo huchoka mapema. Geji ikionyesha bar 1 Mombasa, feni ya turbo imezidisha shinikizo la hewa mara 2 hivi. Nairobi, kwenye mita zipatazo 1,800, hewa ya nje ni nyepesi, na geji ile ile ikisoma bar 1 feni imezidisha mara 2.2. Ongeza mvujo juu ya hapo: westigeti, vali inayozuia busti kuzidi, hubaki imefungwa muda mrefu, feni huzunguka kwa kasi isiyo yake, hewa hutoka ya moto, na injini huanza kugonga.

Kifaa cha kupimia kilikuwa kifuniko cha bomba la PVC kilichotobolewa na kuwekwa nozeli ya tairi, kikabanwa kwa klipu kwenye mdomo wa bomba la mpira baada ya sensa kuondolewa. Hakuna haja ya kununua zaidi ya hicho. Ila asisimame mtu mbele yake: kifuniko cha milimita 75 kwenye bar 1 husukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 45.

Ugumu uko kwenye kuziba. Mipira ya kupumulia ya injini huingia kwenye bomba hilo hilo. Usipoitoa na kuziba matundu yake, upepo wa kompresa utaingia chini kwenye oili na kusukuma sili nje, nawe utakuwa umetengeneza mvujo mwingine. Tena kuna ile vali inayorudisha hewa dereva anapoachia mafuta. Mkondo wake hurudi kwenye bomba lile lile, kwa hiyo wakati wa kupima pande zake mbili zina shinikizo sawa, na hata ikiwa mbovu haitajulikana. Fundi aliutoa mpira wake wa kurudishia, akaziba upande wa bomba, akaweka kiganja kwenye mdomo wa vali. Haukutoka upepo.

Kwenye psi 5 hakuna kilichosikika zaidi ya mpulizo mwembamba kwenye ekzosi, ambao si kosa: huenda kukawa na silinda ambayo vali zake hazijafunga. Shinikizo lilipopita psi 10 intakula ilianza kufoka kwa chini. Maji ya sabuni hayakufika huko, ikabidi kioo kidogo na tochi. Mpira wa kuelekea throto ulikuwa umekaa upande, mdomo wake umepanda juu ya ukingo badala ya kuumeza. Jibu la kwa nini lilikuwa kwenye historia ya gari: klachi ilibadilishwa, na giaboksi haitoki kwenye gari hili bila intakula kuondolewa. Aliyeirudisha hakuona chini. Kipimo cha moshi, ambacho hutumia shinikizo dogo sana, kingeukosa mwanya huu.

Matengenezo yalikuwa mafupi. Intakula ilitolewa, mpira na shingo ya throto vikasafishwa hadi utando wa oili ukaisha, kwa sababu mpira wenye oili huteleza hata klipu ikiwa imekazwa. Gundi ya silikoni haikutumika, na naunga mkono: huficha kiungo kilichokaa vibaya na vipande vyake huishia ndani. Klipu zilikazwa mwisho, baada ya boliti za intakula.

Gari lilipimwa tena, psi 15 safari hii, na kilichobaki ni ule mpulizo wa ekzosi. Barabarani mshale ulirudi mahali pake na moshi ukakatika. Palikuwa pia na kimpira chembamba cha westigeti kilichoanza kukauka, ambacho fundi alikibadilisha bila kusubiri kipasuke. Hicho kikivuja, busti haishuki, inapanda kupita kiasi, maana westigeti haipati shinikizo la kuifungua.