Maswali 20 na Mashine ya Kusaga

Tumezoea kuchambua nyimbo na sinema. Leo nachambua karatasi. Inaitwa M-CHAT-R. Ina maswali 20 na mzazi anajibu ndiyo ao hapana. Ilitungwa Marekani kwa ajili ya watoto wa miezi 16 hadi 30, ili ijulikane ni yupi achunguzwe zaidi kama ana usonji. Hapa Nyarugusu nimekaa na wazazi mara nyingi tukiwa nayo, mimi nasoma kwa Kiswahili, wao wanajibu. Naichambua kama maandishi mengine yote: inasema nini, na inamsemesha nani?

Nianze na sifa. Waliotunga wanajua watoto. Swali la pili linauliza kama umewahi kuwaza kwamba mtoto wako ni kiziwi. Huko ndiko wazazi wetu wengi wanaanzia. Mama mmoja aliniambia: "Huyu mutoto hasikiake, lakini nikigusa sahani anakuya mbio." Hakuwa amesoma karatasi yoyote, lakini maneno yake yalikuwa jibu kamili. Maswali ya kidole pia ni mazuri. Kuna la mtoto anayeonyesha kwa kidole ili apewe kitu, na kuna la anayeonyesha ili tu na wewe ukione. Tofauti hiyo ni kubwa, na inaeleweka Fizi kama inavyoeleweka Chicago.

Sasa makosa. Swali la 12 linauliza kama mtoto anasumbuliwa na kelele za kila siku, na mfano wake mmoja ni mashine ya kufyonza vumbi. Nani anayo hapa? Sakafu zetu ni udongo. Mzazi anasikia mfano, anacheka, anajibu hapana. Lakini uliza kuhusu mashine ya kusaga: "Mkipita pale, anafanya nini?" Hapo baba ananyamaza, halafu anasema mtoto huziba masikio na kulia mpaka wafike nyumbani. Swali ni lile lile, mfano tu ndio umebadilika, na jibu limegeuka.

Swali la kuitikia jina nalo ni gumu kwetu. Jina lipi? Mtoto ana jina la kanisani, ana jina la babu, na nyumbani wanamwita Papa. Vilevile swali la kuigiza linataja kikombe kitupu, simu na mwanasesere. Watoto wetu wanapika ugali wa udongo na kupanga foleni ya mgao kwa vifuniko vya chupa. Anayesoma maswali asipojua michezo hiyo, atamhesabia mtoto mzima alama ya hatari.

Lakini kosa kubwa kuliko yote haliko ndani ya karatasi, liko katika namna tunavyoitumia. Karatasi yenyewe haitoi ugonjwa, inachuja tu. Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo. Kuanzia 3 hadi 7, kuna sehemu ya pili, mahojiano ya kuuliza mifano swali kwa swali. Kuanzia 8, mtoto apelekwe moja kwa moja kwa wataalamu. Hiyo sehemu ya pili ndiyo mahali pa mashine ya kusaga na ugali wa udongo. Mimi nimeona ukurasa wa kwanza tu ukizunguka. Mzazi anaambiwa "tutakuita", na hapo anabaki. Mtaalamu yuko mbali, na kutoka kambini ni kwa kibali. Wakati huo mtoto anafikisha miaka 4, na karatasi haimhusu tena.

Tena kambini fomu si karatasi tu. Fomu ni mgao, fomu ni safari ya kwenda nchi ya tatu. Mzazi akiulizwa maswali 20 na mtu mwenye kitambulisho shingoni, anajiuliza kwanza jibu lipi litamsaidia na lipi litamharibia. Mmoja anaficha, mwingine anaongeza. Wote wawili wanampenda mtoto wao.

Kwa hiyo nina ombi kwa wafanyakazi wa mashirika: mkileta ukurasa wa kwanza, leteni na wa pili. Kabla ya kuuliza, mwambieni mzazi kwamba majibu hayagusi mgao wala faili lake. Na msisubiri jina la ugonjwa ndipo msaada uanze. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wanaochelewa kukua, na hayadai cheti cha daktari kwanza.

Kwenu wazazi: nunueni daftari. Andikeni tarehe, na mtoto alifanya nini siku hiyo: alipoitwa, alipotaka maji, mlipopita mashineni. Kama hujui kuandika, mwanao wa shule akuandikie. Siku mtaalamu akifika, daftari hilo litamweleza mengi kuliko ndiyo na hapana 20.